Buibui wa Kundi Katika Somo la Sayansi: Kuona Kwanza, Kuhukumu Baadaye

Utangulizi

Somo la buibui ni miongoni mwa masomo ambayo walimu wanafunzi huyachagua kwa furaha waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa sababu hulidhania kuwa jepesi. Mwalimu huchora ubaoni miduara miwili, mmoja mdogo na mmoja mkubwa, huongeza miguu minane, huwaambia wanafunzi kwamba buibui si mdudu kwa kuwa mdudu ana miguu sita, kisha wanafunzi hunakili. Kengele hulia. Yote yaliyosemwa ni kweli, wala hapana kosa la kusahihisha. Lakini mwanafunzi ametoka darasani bila kumtazama buibui hata mmoja, ilhali pembeni mwa dari, juu ya kichwa chake, yumo mmoja aliyetulia katika utando wake tangu asubuhi.

Katika makala hii tunakusudia kueleza habari za buibui mmoja mdogo aishiye kwa makundi katika miti ya miiba, na kuonyesha jinsi anavyoweza kutumiwa katika kufundisha Sayansi kwenye madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, jamii ya buibui huyu huishi katika nyika na mapori makavu ya Afrika ya Mashariki na Kusini, mahali ambapo shule nyingi hazina maabara lakini zimezungukwa na migunga. Pili, na hii ndiyo sababu iliyo kubwa zaidi, buibui huyu humtia mwalimu majaribuni. Maisha yake yanafanana mno na methali, na methali ikitangulia mbele ya macho huweza kuliua somo la Sayansi.

Mnyama mwenyewe

Jina lake la kisayansi ni Stegodyphus mimosarum, alilopewa na mtaalamu wa Italia, Pietro Pavesi, mwaka 1883. Neno la pili la jina hilo linakumbusha miti ya miiba ya jamii ya mgunga, ambayo ndiyo makao yake. Jike aliyekomaa ana urefu wa sentimita moja hivi, na dume ni mdogo zaidi. Mwili una manyoya mafupi, na rangi yake ya kijivu na kahawia humfanya afanane na gome la mti.

Kama buibui wote, ana sehemu mbili za mwili: ya mbele, ambayo ni kichwa na kifua vilivyoungana, na ya nyuma, yaani fumbatio. Ana miguu minane, hana mabawa, wala hana vipapasio kama vya panzi. Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu katika lugha. Kwa Kiswahili cha kila siku buibui ni mdudu, na mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hiyo hajakosea. Yafaa aelezwe kwamba Sayansi imelichukua neno "mdudu" na kulipa mpaka mwembamba zaidi, wala si kwamba wazazi wake hawajui kusema.

Zipo aina zaidi ya 50,000 za buibui zilizokwisha kuelezwa na wataalamu duniani. Karibu wote huishi peke yao, na wengi humla mwenzao akiwakaribia. Ni aina chache sana, ambazo hazizidi makumi machache, zinazoishi pamoja maisha yao yote. Katika jenasi ya Stegodyphus, yenye aina zipatazo 20, ni tatu tu zenye tabia hiyo: mimosarum tunayemzungumzia, dumicola wa Kusini mwa Afrika, na sarasinorum wa India na nchi za jirani. Kwa hiyo mwanafunzi aonapo kiota cha buibui hawa anaona jambo ambalo ni la nadra katika ulimwengu wote wa buibui.

Kiota na utando

Kiota huonekana kama mfuko wa hariri uliochakaa, uliosongwa katikati ya matawi. Ndani yake mna vijia vingi, na nje yake hunasa majani makavu, vijiti na mabaki ya wadudu walioliwa. Ukubwa wake hutegemea wingi wa wakazi. Kundi dogo huwa na makumi ya buibui. Kundi kubwa huwa na mamia, na pengine hupita elfu moja. Kutoka katika kiota hutandazwa tando za kunasia, zinazofika kwenye matawi ya jirani. Mwalimu asichanganye kiota hiki na vile viota vya majani mabichi vishonwavyo na maji moto katika miembe na michungwa. Atakayekosea hapo atajua mara moja.

Jambo linalostahili kutazamwa sana ni namna utando unavyonasa. Buibui wengi wanaotengeneza tando za duara hupaka nyuzi zao matone ya ulimbo. Buibui wetu hatumii ulimbo. Mbele ya matundu yake ya kutolea nyuzi pana kibamba kinachotoa nyuzi nyembamba kupita kiasi, na katika miguu yake ya nyuma pana safu ya vinyweleo vinavyofanya kazi ya kitana. Huzichambua nyuzi hizo mpaka zikawa kama sufi, na sufi hiyo hung'ang'ania vinyweleo na kucha za mdudu. Mwanafunzi anaweza kuelewa jambo hili kwa kupitisha kipande cha pamba iliyochambuliwa juu ya gunia. Pamba haina gundi, lakini haitoki.

Kazi ya kutengeneza na kupanua utando hufanyika zaidi jioni na usiku. Mchana wakazi hukaa ndani ya kiota. Hata hivyo, mdudu anaponaswa na kupapatika, mtikisiko hupita katika nyuzi mpaka kiotani, na buibui hutoka. Huuma mguu, wengine huuma bawa, huvuta kwa pamoja, na kwa njia hiyo huweza kumshinda mdudu aliye mkubwa kuliko kila mmoja wao mara nyingi. Kisha hula pamoja.

Majaribu ya mwalimu

Hapo ndipo penye hatari. Tuliwahi kukaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi akieleza habari za buibui hawa. Alieleza vizuri, na darasa lilimsikiliza. Alipofika mahali ambapo buibui kumi humvuta panzi mmoja, alisimama, akaandika ubaoni: "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu." Wanafunzi waliisoma kwa sauti, wakainakili, na somo likaishia hapo. Mtoto mmoja wa kike alikuwa bado ameinua mkono. Alitaka kujua kama katika kiota kile watoto wana mama yao, au wote ni sawa tu. Muda ulikuwa umekwisha.

Swali la mtoto yule lilikuwa bora kuliko methali iliyoandikwa ubaoni. Jibu lake ni hili. Majike hutaga mayai katika vifuko vya hariri na kuvilinda. Vifaranga wakianguliwa hulishwa kwa maji ya chakula ambayo majike huyatapika kutoka matumboni mwao. Majike wanaolisha si waliotaga peke yao. Katika kundi wapo majike wengi wasiozaa kabisa, nao pia hulisha watoto wa wenzao. Hatimaye, vifaranga wanapokuwa wamepata nguvu, huwala walezi wao, mama mzazi na mlezi pia, mpaka yabakie magamba matupu. Kizazi kimoja hupita, kingine hushika kiota. Maisha ya kila buibui ni ya mwaka mmoja tu.

Je, methali ile inaweza kulibeba jambo hili? Mwalimu aliyekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba buibui hawa ni mfano wa kuigwa atafanya nini atakapoulizwa kwa nini watoto wanamla mama yao? Ama ataficha, ama atageuza maneno. Akifanya hivyo mara mbili au tatu wanafunzi watajifunza jambo moja ambalo hakukusudia kulifundisha, nalo ni kwamba katika somo la Sayansi ukweli huchaguliwa ili ufae hitimisho. Wakifika hapo, hawatauliza tena.

Faida na gharama za kuishi pamoja

Haifai mwalimu akimbilie upande wa pili na kusema kwamba umoja wa buibui hauna maana. Wataalamu waliochunguza buibui dumicola katika mapori ya Namibia waliona mambo mawili kwa pamoja. Jike aliye katika kundi kubwa huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kuishi kuliko aliye peke yake au katika kundi dogo. Lakini katika kundi kubwa hesabu ya watoto kwa kila jike hupungua, na miili ya majike huwa midogo zaidi. Kundi humlinda mkazi wake, na papo hapo humpunguzia chakula na uzazi.

Kadhalika, wakazi wa kiota ni ndugu. Katika kila buibui kumi madume huwa mmoja au wawili, na kwa kawaida buibui hawa huzaana ndani ya kundi lao wenyewe. Kundi jipya huanzishwa na jike aliyekwisha kupandwa, ambaye hupanda juu ya tawi, hutoa nyuzi nyepesi na kuchukuliwa na upepo, au huanzishwa na sehemu ya kundi inayojitenga katika tawi la jirani. Kwa sababu hiyo buibui wa kiota kimoja wamefanana sana katika chembe zao za urithi. Pia makundi huangamia mara kwa mara. Sisimizi wakiingia, au ukungu ukishika kiota, kundi zima laweza kutoweka kwa muda mfupi.

Habari hizi za uzazi ni za kumpa mwalimu msingi. Si lazima zote zifike darasani. Lakini ni dhahiri kwamba zinabadilisha swali lenyewe. Badala ya kuuliza, "Buibui hawa wanatufundisha nini?", tunauliza, "Buibui hawa wanapata nini kwa kuishi pamoja, na wanalipa nini?" Swali la kwanza lina jibu kabla ya kwenda nje. La pili halina.

Wala si walimu peke yao wanaohitaji kujihadhari. Mwaka 2016 jarida la kisayansi la Marekani, The American Naturalist, lilichapisha makala juu ya buibui dumicola, ikieleza kwamba kundi lililozoeana hufanya kazi vizuri kuliko lililovurugwa. Maelezo yalivutia na yalikubaliwa. Baadaye mmoja wa waandishi wa makala hiyo alizikagua upya takwimu, akaona kwamba hesabu zilezile zilijirudia mara nyingi kuliko inavyoweza kutokea katika vipimo vya kweli, na Januari 2020 makala iliondolewa. Makala nyingine kadhaa juu ya buibui wa kundi ziliondolewa pia. Habari tulizozieleza hapa hazitokani na makala hizo. Tumelitaja jambo hili kwa sababu lina funzo kwa vyuo vyetu: jambo linalopendeza kusikika lahitaji kukaguliwa zaidi, wala si kidogo.

Hatua za kufundisha

Tunapendekeza somo hili ligawanywe katika vipindi vinne. Siku moja kabla ya kuanza, mwalimu aende mwenyewe akakitafute kiota, akitazame, na kukagua njia.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kukusanya yale wanafunzi wanayoyajua. Wapo watakaosema buibui ana sumu. Wapo waliofundishwa nyumbani habari za buibui aliyetanda mlangoni mwa pango alimojificha Mtume Muhammad, na kwamba buibui asiuawe. Wapo watakaotaja vazi la buibui la akina mama wa pwani. Mwalimu aandike yote bila kucheka na bila kusahihisha. Kisha achore ubaoni safu tatu zenye vichwa hivi: "Tulichokiona", "Tunachodhani", na "Tunachotaka kujua". Safu ya kwanza ibaki tupu mpaka siku ya kwenda nje.

Kipindi cha pili kifanyike mtini, asubuhi au alasiri, si wakati wa jua kali. Wanafunzi wakae katika makundi ya watu watano, hatua moja kutoka kwenye utando, na kwa dakika kumi za mwanzo wasiulize wala kueleza, wachore tu. Mwalimu naye achore. Kama shule ina lenzi ya mkono, izungushwe kwa zamu. Kiota kisipasuliwe. Darasa likikipasua, litaona ndani mara moja tu, na hapatakuwa na kipindi cha tatu.

Kipindi cha tatu kiwe cha jaribio. Mwanafunzi mmoja aguse utando kwa ncha ya unyasi, na wenzake wahesabu buibui wanaotoka katika dakika moja. Baada ya kusubiri mpaka watulie, awekwe kumbikumbi hai juu ya utando, wahesabu tena. Kisha awekwe panzi. Hesabu ziandikwe katika jedwali, na jaribio lirudiwe angalau mara tatu, ikiwezekana katika viota viwili tofauti kwa ukubwa. Yawezekana buibui watatoka wengi kwa panzi kuliko kwa kumbikumbi. Yawezekana hawatatoka kabisa. Matokeo yoyote yaandikwe kama yalivyo. Mwalimu akisema, "Leo buibui wamekataa, andikeni watano," amelifundisha darasa zima kughushi.

Kipindi cha nne kiwe cha majadiliano darasani. Kila sentensi ambayo mwanafunzi ataisema iulizwe: iko safu gani? "Walitoka buibui saba" ni ya safu ya kwanza. "Walisaidiana" ni ya safu ya pili, kwa maana huenda kila mmoja alikifuata chakula chake mwenyewe. Tofauti hii ni ndogo kutamka, lakini ndiyo mzizi wa somo zima. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuielewa vizuri, mradi awe ameiona kwa macho yake. Hapo ndipo mwalimu aeleze habari za vifaranga na walezi wao. Aeleze kwa utulivu, akisisitiza kwamba buibui hachagui kati ya wema na ubaya kama binadamu. Hatuwezi kuwasifu majike wale kwa huruma, wala kuwalaumu vifaranga kwa ukatili.

Na methali je? Haikatazwi. Kipindi cha Kiswahili kipo, na cha uraia kipo. Methali ya umoja ilitungwa na watu, kwa ajili ya watu, nayo inasimama kwa nguvu zake bila kuegemea ushahidi wa buibui.

Tahadhari

Buibui huyu ni mdogo na hamfuati mtu. Hata hivyo wanafunzi wasimshike kwa mkono, wala buibui yeyote mwingine wasiyemjua. Hatari kubwa zaidi ni miiba ya mgunga na nyoka katika nyasi, kwa hiyo mwalimu atangulie na wanafunzi wavae viatu ikiwezekana. Shule zilizo mahali pasipo viota hivi, kama vile pwani au milimani, zitumie buibui wowote waliopo, wa darini au wa uani. Safu tatu na jaribio la mtikisiko vitafaa vilevile, na swali jipya litazuka: kwa nini huyu wa kwetu yuko peke yake?

Tathmini

Mtihani huonyesha kile ambacho mwalimu alikithamini hasa. Akiuliza, "Taja faida tatu za umoja wa buibui," atapata faida tatu, hata kwa mwanafunzi ambaye hakwenda mtini. Tunapendekeza maswali yatoke katika jedwali la darasa lenyewe: Panzi alipowekwa walitoka buibui wangapi kila mara? Je, hesabu hizo zinatosha kusema kwamba buibui hutoka wengi zaidi kwa mdudu mkubwa? Kama hazitoshi, ungefanya nini zaidi? Mwanafunzi atakayejibu "hazitoshi" na kueleza sababu apewe alama zake zote.

Andiko la Mwalimu Julius Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa mwaka 1967, lilitaka elimu imjenge mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kwa wengine na kupima kama yale aliyojifunza yanamfaa, na ajiamini. Mara nyingi tumelikumbuka andiko hilo kwa sababu ya jembe na shamba la shule, tukaisahau ile akili ya kudadisi. Lakini haigharimu fedha. Yahitaji mti, dakika kumi za kunyamaza, na mwalimu asiyeogopa kuambiwa na mwanafunzi kwamba hesabu hazijatosha.

Mwisho wa kipindi cha nne, safu ya "Tunachotaka kujua" aghalabu huwa ndefu kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Walimu wanafunzi wengi huona haya wanapoiona imerefuka hivyo, wakadhani wameshindwa kulimaliza somo. Wasiifute. Wainakili katika daftari la maandalio, na wiki ifuatayo waanzie hapo.